Daraja la Jangwani lina fedha. Kuzoa mchanga je?

Mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani. Mabasi ya mwendokasi hugeuzia Magomeni, abiria wa Kariakoo anashuka kutafuta njia ya kuzunguka, na karakana ya mabasi iliyojengwa bondeni humohumo hujaa maji. (Nani aliona pale panafaa kuegesha mabasi, sijapata kuelewa hadi leo.) Kwa hiyo mradi wa Bonde la Msimbazi, mto unaofurika hapo Jangwani, ulipokuja, wengi tulipumua. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, Hispania na Uholanzi nazo zikachangia. Mto utachimbwa na kupanuliwa, daraja litainuliwa, karakana itahama, na sehemu ya bonde itakuwa bustani ya jiji.

Wanaouunga mkono wana hoja nzito. Kwa miaka mingi Serikali imekuwa ikitoa fedha baada ya maafa tu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu takriban 40, na familia za mabondeni zikapewa viwanja Mabwepande. Baadhi waliviuza wakarudi, maana riziki yao iko Kariakoo na Mabwepande ni mbali. Barabara nazo hufukiwa kwa fedha za dharura, masika yakija yanazoa kifusi chote. Ukilinganisha na hayo, mkopo wa masharti nafuu ni ahueni.

Upande wa pili wanauliza: kwa nini Dar? Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya 200,000. Rufiji mashamba yalizama. Mkulima wa kule atalipa deni hili kupitia kodi, sawa na mkazi wa Upanga. Hoja hii inanigusa, ila hainishawishi sana: Jangwani ikifungwa, mfanyabiashara wa Morogoro au Dodoma anayefuata mzigo Kariakoo naye anakwama.

Kinachonikera zaidi ni fidia. Waliotakiwa kupisha mradi walithaminiwa nyumba bila ardhi, kwa kuwa bonde ni eneo hatarishi. Baada ya malalamiko ndipo ikaongezwa shilingi milioni 4 za ardhi. Serikali ina sheria mkononi: ile ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Lakini wakazi haohao waliunganishiwa umeme, na kila uchaguzi waliombwa kura. Milioni 4 ni afadhali kuliko bomoabomoa ya Desemba 2015, watu walipoamkia alama ya X ukutani. Kiwanja cha karibu na mjini, hata hivyo, hukipati kwa bei hiyo.

Halafu kuna mchanga. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, na kila mvua unashusha mchanga hadi chini ya daraja. Ukichimba mwaka huu, baada ya misimu kadhaa kina kimejaa tena. Mkopo unajenga mara moja. Kuzoa mchanga ni gharama ya kila mwaka, na hakuna kiongozi anayekata utepe mfereji ukizibuliwa. Mtu atasema mchanga wenyewe ni mali, uuzwe ulipie kazi. Inawezekana. Vijana wenye sepeto wanauchimba tayari na kuuza kwa malori, ila wanachimba panapowafaa wao, mara nyingi kingoni, na kingo zinabomoka.

Mto wenyewe unapita katika halmashauri zaidi ya moja, na kila moja inaweza kusema tope limetoka kwa jirani. Ndiyo maana bajeti za Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni na Ubungo zikisomwa, mimi nitatafuta kifungu kimoja tu: kuzoa mchanga wa Msimbazi, kiasi gani mwaka huu, na nani analipa.