Ushauri mmoja wa afya kwa nyumba nzima? Mi sikubali

Kila wiki lazima kuna meseji ya afya inazunguka kwenye magrupu ya familia, "kunywa glasi nane za maji kila siku, watoto kwa wakubwa", imepambwa na maua na vimoyo, mtu anaifowadi bila hata kuisoma mara mbili. Sina ugomvi na maji jamani. Ugomvi wangu ni hilo neno "watoto kwa wakubwa", manake hapo ndipo ushauri mzuri unapoanza kuharibika, na wakati mwingine unakuwa hatari kabisa.

Tuanze na hayo hayo maji. Mtoto wa chini ya miezi 6 hatakiwi kupewa maji, hata kukiwa na joto la kufa mtu, maziwa ya mama yanamtosha, WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wamelisema hili miaka na miaka, figo zake bado changa na ukimjaza maji chumvi ya kwenye damu inashuka mpaka anaweza kupata degedege, halafu tumbo lenyewe ni dogo, akishiba maji atanyonya saa ngapi? Sasa njoo kwa bibi wa miaka 75. Yeye ni kinyume, uzeeni kiu inapungua, mwili umekauka ila yeye hasikii, ukimuuliza bibi unataka maji atakwambia sitaki mjukuu wangu, na wala hakudanganyi. Huyo usimuulize, mpelekee, kidogo kidogo siku nzima. Wengine wanakataa makusudi wanaogopa kuamka usiku kwenda chooni, basi mzidishie asubuhi na mchana, jioni upunguze. Lakini kama huyo bibi ana shida ya moyo au figo, daktari anaweza akawa amempangia kiwango cha maji kwa siku, na hapo glasi zako nane zitamvimbisha miguu na kumbana kifua. Nyumba moja, maji yale yale, majibu matatu.

Kwenye dawa ndo nakereka zaidi. Ile hesabu ya "mpe nusu kidonge, si mtoto", nusu ya nini? Dozi ya mtoto kwa dawa nyingi inapigwa kwa kilo zake, na watoto wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana uzito vizuri tu. Dawa ya maji nayo tunapima na kijiko chochote kilicho karibu na mkono, wakati vijiko vya jikoni kila kimoja kina ujazo wake na kijiko cha dawa ni mililita 5 kamili. Tumia sirinji isiyo na sindano, vuta dawa, iinue usawa wa macho ndo usome mstari, usikisie ukiwa umesimama unaitazama kwa juu. Halafu usimlenge kooni, ingiza pembeni kwenye shavu, sukuma taratibu, atameza mwenyewe bila kupaliwa. Na ile aspirini ambayo babu anameza kila siku kwa ajili ya moyo, mtoto mwenye homa haimhusu kabisa, inaweza kumletea ugonjwa wa Reye ambao unashambulia ini na ubongo. Asali je? Kwa mkubwa mwenye kikohozi sawa, kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 hapana, hata ya kulambishwa, inaweza kuwa na vimelea vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, na utumbo wake bado hauna uwezo wa kuvizuia.

Najua kuna watakaosema sisi tulilelewa hivyo hivyo na mbona tuko hai. Sawa, ila wale ambao haikuwaendea vizuri hawapo kwenye grupu kukubishia.

Yapo ya wote, sikatai. Kunawa mikono kwa sabuni, kutovuta sigara ndani ya nyumba, chanjo kwa wakati wake, hayo fowadi mpaka bando liishe.

Halafu kuna hili la "lala mapema amka mapema" ambalo linamwangukia tineja kila asubuhi. Hapa mi nitamtetea. Wakati wa kubalehe saa ya mwili inasogea mbele, usingizi unamjia usiku zaidi kuliko alivyokuwa na miaka tisa, na bado anahitaji saa 8 mpaka 10, kwa hiyo ukimkuta hajiwezi asubuhi usikimbilie kumwita mvivu. Simu chumbani usiku ni kesi nyingine, hapo simtetei.

Kinachoniuma ni kwamba wazee ndo wanapata ushauri hafifu kuliko wote, utasikia "mzee atembee tembee" basi imeisha. Kutembea ni kuzuri lakini mtu wa miaka 65 na kuendelea anatakiwa pia mazoezi ya kuimarisha misuli na ya kujizuia asianguke, angalau siku 3 kwa wiki, manake akianguka akavunjika nyonga kuna wengi hawarudi tena kutembea kama mwanzo. Na wala si mambo ya jimu. Chukua kiti kigumu, kiegemeze ukutani kisiteleze, akae, ainuke bila kujishika kwa mikono kama anaweza, akae tena taratibu asijibwage, arudie mpaka mapaja yaanze kulalamika. Akizoea asimame kwa mguu mmoja huku kashika meza, mtu mwingine awe karibu. Ila kama akiinuka anasikia kizunguzungu simamisha kwanza, inawezekana ni presha inashuka au ni dawa anazomeza, apelekwe akaangaliwe na hizo dawa zote zibebwe kwenye mfuko. Na kile kizulia kinachoteleza mlangoni mwa bafu kitoeni, hata kama ni zawadi ya shangazi.