Miezi miwili na pikipiki ya safari, na yote yananitokea nikiwa gia ya kwanza

Kilomita 2,640. Ndo zinasoma kwenye dashibodi leo asubuhi, na ukiniuliza katika hizo zote ni wapi nimeijua hii pikipiki nitakwambia ni kwenye mbili tatu tu, zile za kugeuza, kurudisha nyuma, kupaki penye mteremko, kujipenyeza kwenye foleni na kutafuta pa kuweka mguu. Zilizobaki inajiendea yenyewe aisee, sina la kusema sana.

Nieleze kwanza nimenunua nini, maana najua swali linakuja. Ni pikipiki ya safari ya ukubwa wa kati, zile wanazoziita adventure: silinda mbili zimepangwa sambamba, CC karibu 700, kilo 205 tangi likiwa limejaa, ringi ya mbele inchi 21 na ya nyuma 18, za spoku, tyubu ndani. Jina silitaji kwa makusudi. Nina malalamiko mawili matatu na sitaki yageuke ugomvi wa mashabiki, kila mtu anatetea kampuni yake kama timu ya mpira, na isitoshe mengi ninayosema hapa yanazihusu karibu zote za daraja hili.

Afu hili neno "ya kati" linanikera kidogo. Watu wanaliongea kana kwamba ni ya mwanafunzi, kwamba subiri ukue ununue kubwa. Mashindano ya kwanza ya Paris hadi Dakar, yale yaliyoanza Desemba 1978, upande wa pikipiki alishinda Cyril Neveu na Yamaha XT500, silinda moja tu na haifiki hata CC 500. BMW walipotoa R 80 G/S mwaka 1980, ambayo wengi wanaihesabu kuwa ndo mama wa aina hii nzima, ilikuwa na CC 798 na enzi hizo hilo lilikuwa zigo. Honda Transalp ya 1987 haikufika CC 600. Yaani hiki tunachokiita cha kati leo ndo kilichovuka jangwa, ukubwa umekuja baadaye. Miaka ya karibuni BMW R 1250 GS ilikuwa na kilo 249 kabla hujafunga hata boksi moja, na simaanishi ni mbaya, wanaoimudu wanaimudu, ila hizo kilo 44 za tofauti mimi nazifikiria karibu kila siku, na sababu utaiona.

Tuanze na urefu maana ndo ulionikosesha usingizi kabla sijanunua. Siti iko juu milimita 875 kutoka chini. Mimi nina sentimita 171 nikisimama wima na kujisifia kidogo. Siku ya kwanza nilipoikalia nikawa nachezesha vidole kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, mguu huu, mguu ule, na nikajiona mjinga kabisa, nikawaza nimeshatoa hela kwenye kitu nisichokiweza. Wiki ya kwanza nikawa nachagua njia kwa kuangalia tu wapi sitasimama. Kweli kabisa, nilikuwa nazunguka mbali ili nikwepe mlima wenye taa za barabarani.

Kumbe tatizo lilikuwa kutaka kukanyaga na miguu yote miwili. Nani kakwambia unahitaji miwili? Ukikaribia kusimama unahamisha tako moja nje ya siti, mguu wa kushoto unatua wote na kisigino chake, wa kulia unabaki kwenye breki ya nyuma. Basi. Inachukua kama wiki mwili uzoee na baada ya hapo huwazi tena. Cha muhimu ni kuangalia kabla ya kusimama, upande gani uko juu, maana ukiukosa huo mguu mmoja ukakuta shimo hakuna wa pili wa kukuokoa. Kuna waliniambia ninunue vile vyuma vya kuishusha pikipiki, nikakataa, na hadi leo naona nilikuwa sahihi: ukiishusha unapoteza ile nafasi ya chini ya injini uliyoilipia, na stendi ya pembeni inakuwa ndefu kupita kiasi, pikipiki inasimama wima mno, upepo kidogo tu iko chini upande wa pili.

Sa tuje kwenye kuanguka, maana nilianguka.

Ilikuwa njia ya changarawe, wala si mbaya, nimepitiliza njia panda nikataka kugeuza. Mwendo wa mtu anayetembea. Nimekata usukani hadi mwisho, nimegusa breki ya mbele kidogo tu, kidole kimoja, na hilo ndo kosa lenyewe, usukani ukiwa umekatwa usiguse breki ya mbele hata kwa mawazo. Haikuanguka haraka. Ndo kitu cha ajabu, inaanza kuinama kushoto taratibu na una muda wa kufikiri, unasema bado naidaka, naidaka, afu kuna pembe fulani ikishapita hakuna binadamu wa kuidaka, ukaikaza unaumia mgongo bure. Nikaiachia nikaruka pembeni. Ikalala. Kimya. Petroli inanukia kidogo, ringi ya mbele inazunguka polepole kama feni iliyozimwa.

Nikaangalia nyuma na mbele kama kuna mtu kaona. Alikuwepo mzee mmoja na baiskeli yake, kasimama kabisa, kaishika kwa mikono miwili, ananitazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imechoka?"

Nikamwambia imechoka. Akaegesha baiskeli aje kunisaidia, nikamwomba anisubiri kidogo kwanza nijaribu, kwa sababu hili nilikuwa nimelifanyia mazoezi nyumbani kwenye majani, na hapa ndo zile kilo 44 zinapoingia. Unahakikisha iko kwenye gia ili isibingirike, unakata usukani, unageuka unaipa mgongo, makalio yanagusa siti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine unashika chuma cha nyuma, afu hunyanyui kwa mikono, unatembea kinyumenyume hatua fupifupi miguu ndo inafanya kazi. Ikilalia kulia unakuwa umeshaifungua stendi kabla ya kuinua. Yangu ililalia kushoto, stendi iko chini yake, kwa hiyo ukifika juu lazima uwe na breki kichwani usije ukaisukuma ikaangukia upande wa pili. Ilipanda. Sikuamini. Mzee akaishika kwa mbele nikashusha stendi, nikamshukuru kama mara nne.

Nabonyeza stata, kimya. Taa zinawaka, dashibodi inawaka, injini haizunguki kabisa. Jasho likanitoka upya nikaanza kuhesabu kilomita za kusukuma. Nikashika hiki, nikavuta kile, dakika kumi nzima, mpaka nikakumbuka ukurasa mmoja wa kile kitabu ambacho hakuna anayekisoma: kuna sensa inayozima injini pikipiki ikilala, na haiachii mpaka uzime switi ya ufunguo uwashe tena. Nikazima, nikawasha, ikanguruma kwa mkupuo wa kwanza. Pikipiki nyingi za sasa zenye mfumo wa kupuliza mafuta zinacho hicho kitu, kwa hiyo kama umenunua karibuni na hujaanguka bado, nimekuokolea dakika zako kumi.

Hasara ilikuwa mkono wa klachi umepinda kwa nje kidogo na mkwaruzo kwenye kinga ya mkono. Haukukatika kwa sababu nilikuwa nimelegeza bolti za kishikizo chake pale kwenye usukani, zikazwe kiasi cha kutohama wakati wa kuendesha lakini kikipigwa kizunguke. Kile kidude kikikazwa kama mwamba, mkono unavunjika na unarudi nyumbani bila klachi.

Lalamiko langu kubwa liko kwenye mwendo huohuo mdogo. Ukifungua mafuta kutoka sifuri inastuka. Haiongezi, inastuka, kama mtu aliyeguswa mgongoni na mkono wa baridi. Ukiwa kilomita 80 kwa saa hulijui hilo, ila kwenye kona ya kugeuza, usukani umekatwa na mguu mmoja unaning'inia, huo mstuko mdogo unatosha kukulaza. Fundi akanionyesha kwamba waya wa ekseleta ulikuwa na mchezo mwingi, unazungusha mkono kidogo hakuna kitu afu ghafla kitu kipo. Akaukaza ukabaki na milimita chache, ikapungua kama nusu. Nusu nyingine ni mimi: klachi nusu, breki ya nyuma inakanyagwa kidogo muda wote, mafuta hayafungwi kabisa. Nimefanya mazoezi ya kuzunguka duara dogo hadi kichwa kikawa kinazunguka na chenyewe. Sasa ni sawa, lakini naona si haki pikipiki mpya itoke kiwandani hivyo wakati kwenye karatasi wanajisifia nguvu za farasi 70 na kitu. Hizo farasi zote zinatembea vizuri, shida ni yule wa kwanza kutoka zizini.

Injini yenyewe ukiacha hilo naipenda mno. Silinda mbili sambamba lakini haziwaki kwa mapigo sawa, kuna nafasi fupi afu ndefu, nyuzi 270 za mzunguko wa kranki kisha 450, kwa hiyo inatoa sauti ya kugugumia kama zile injini zenye silinda mbili zilizopangwa umbo la V. Yamaha walianza huo mtindo kwenye TRX850 mwaka 1995 na siku hizi karibu kila kampuni wanaufuata. Kwenye changarawe unausikia kupitia siti, tairi la nyuma likishika unajua, likiteleza unajua, na huhitaji kuangalia popote.

Mafuta inakula lita 4.3 kwa kilomita 100 nikiwa na adabu. Taa ya akiba iliwaka kwenye kilomita 285. Inatosha, tuendelee.

Springi ya nyuma sasa, hapa ndo nilichelewa na nikajilaumu. Wiki nne za mwanzo nilikuwa nasema hii pikipiki ni nzito kuikunja, mbele inaelea, kona inaichukua kwa uvivu. Nikaanza kutafuta tairi mpya, nikaanza kutafuta usukani mpana, unajua ile homa ya kununua vitu. Rafiki yangu mmoja akaja na futi ya fundi cherehani, akapima toka ekseli ya nyuma hadi sehemu fulani chini ya siti pikipiki ikiwa imenyanyuliwa, afu akanikalisha na koti na buti na kila kitu akapima tena. Ilikuwa inabonyea sentimita 8 na nusu. Umbali wote ambao gurudumu la nyuma linaweza kupanda na kushuka ni sentimita 20, inatakiwa ibonyee kama theluthi hivi, sita na kitu. Kumbe ilitoka kiwandani imetegwa kwa mtu mwepesi, na mimi na mavazi yangu nagonga kilo 92. Nyuma ikikaa chini, mbele inapata uzito mdogo, lazima ielee. Akazungusha kile kirekebishio, nikaikalia, akapima, akazungusha tena. Robo saa. Nilipoiendesha nikacheka peke yangu ndani ya helmeti, ilikuwa pikipiki nyingine. Isipokuwa, bila shaka, nyuma ilivyopanda na siti ikapanda. Kwa hiyo sasa nina pikipiki inayokata kona vizuri na miguu inayoelea zaidi. Ndo maana nasema jifunze kusimama kwa mguu mmoja kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Boksi za alumini nilizokuwa nimeziweka kwenye orodha nimezifuta. Zinapendeza kwenye picha, lakini siku ile ningekuwa nazo mguu ungebaki kati ya boksi na changarawe. Nimefunga mabegi laini, yanatosha.

Tyubu sijaichukia kama nilivyotegemea. Nimeifungua ya mbele mara moja nyumbani, bila pancha, kujipima tu kabla sijaumbuka njiani. Saa mbili na nusu, na nikaitoboa kwa chuma changu mwenyewe cha kufungulia tairi wakati wa kulirudisha kwa sababu sikulikandamiza kwa magoti upande wa pili ili mdomo wake uzame katikati ya ringi. Ukizama, tairi linaingia kwa mkono. Usipozama unapigana na chuma.

Mkono mpya wa klachi upo kabatini, bado kwenye pakiti yake. Ule uliopinda ulipindia nje kiasi kwamba sasa kidole changu kinaufikia mahali pazuri kuliko mwanzo, na nikiwa kwenye duara zangu za kugeuza nauona unafaa zaidi. Sijui nitaubadilisha lini.