Hesabu ya pawa katika KOF XIII: wa kwanza atumie, au amwekee wa mwisho?

Anayeanza kucheza The King of Fighters XIII (KOF XIII), gemu ya video ya mapigano ya timu za watu watatu, kwa ushindani hupewa ushauri uleule kila mahali: wa kwanza akusanye pawa, yaani akiba ya nguvu inayolipia mapigo makali, wa katikati aishikilie, wa mwisho aitumie. Basi anamtanguliza mpiganaji kama King au Benimaru, anajikataza kugusa hata pawa moja, na nyuma kabisa anamweka Mr. Karate au yule Iori wa miali ya moto asubiri zamu yake. Ushauri huo haukuzuka hewani. Tatizo ni kwamba wengi wamechukua nusu yake tu.

Tuanze na upande wenye wafuasi wengi. Katika gemu hii hakuna kubadilishana wapiganaji katikati ya pambano: aliyeisha damu anatoka, mwenzake anaingia, na pawa iliyobaki inarithiwa. Wa kwanza anaweza kubeba pawa 3, wa pili 4, wa tatu 5. Kila mpiganaji ana damu 1000. Wapiganaji wengi wakifika mwisho na pawa 5, na kipimo cha pili kiitwacho Drive kimejaa, wanaweza kufungua Hyper Drive, hali ya muda mfupi ya kuunganisha mapigo kwa uhuru, kwa kubonyeza vitufe vya B na C, kuunganisha mapigo mfululizo na kumaliza damu yote ya mpinzani kwa kumpata mara moja tu. Ruka vibaya mara moja mbele ya mtu kama huyo, umekwisha. Ukimkuta timu yako ikiwa imebaki na wawili, bado hujashinda.

Hilo ni kweli, nalo ndilo linaloonekana kwenye klipu. Miaka ya 2012, 2013 na 2014, XIII ilipochezwa Evo, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, kule Las Vegas na ubingwa ukaenda kwa Bala wa Mexico, Hee San Woo wa Korea Kusini na Xiaohai wa China, kilichosambaa sana mtandaoni ni mtu wa mwisho kufufuka na kufagia timu nzima. Hakuna anayekata klipu ya mpiganaji wa kwanza aliyetumia pawa moja kumaliza damu 180 zilizobaki. Ni tukio la sekunde mbili, halina kelele, na pengine ndilo lililoamua mechi.

Sasa tuitazame ile 3. Wa kwanza akishajaza pawa 3, kila anachopata baada ya hapo kinapotea. Ni tenki la maji lililojaa huku bomba likiendelea kutiririsha. Anayeshikilia 3 kwa nusu ya pambano akidhani anamwekea mwenzake, hamwekei kitu: anamwaga. Hawezi kumrithisha mtu zaidi ya 3 hata apigane sekunde zote 60. Kumbe pawa ya nne, ambayo tayari ilikuwa njiani, ingeweza kupatikana kwa kutumia moja na kuacha nafasi.

Chukua mfano. Wa kwanza wako ana pawa 3 kamili, na mpinzani amebakiwa na damu kama 250. Umempata kwa pigo la karibu. Ukimaliza kombo (mfululizo wa mapigo) bila pawa, labda anabaki na 60 au 80. Sasa lazima utafute mwanya mwingine, na huku ukiutafuta mambo matatu yanatokea. Kwanza, wewe huongezi chochote kwa sababu umejaa. Pili, yeye anaongeza, maana anayepigwa na anayekinga naye hupata pawa. Tatu, anaweza kukupata yeye, na kombo ya kawaida inakata karibu robo ya damu. Ukiongeza pigo moja la EX, yaani toleo kali la pigo maalum, la pawa 1, pambano limekwisha hapo. Unaingia kwa mpinzani wa pili ukiwa na pawa 2, umerudishiwa damu kidogo kama kila mshindi, na kabla hujapigana sana umerudi kwenye 3. Pawa uliyotumia ni ileile ambayo vinginevyo ingemwagika.

Rudia hesabu hiyo kwa mapambano mawili ya mwanzo. Anayetumia kwa wakati anaweza kupitisha mikononi pawa 5 au 6 na bado akamrithisha mwenzake 2 au 3. Anayebana amepitisha 3.

Drive nayo ina hesabu yake, na hapa ndipo wabanaji hujikwaa zaidi. Kipimo cha Drive hujazwa hasa kwa kushambulia, na kikijaa kimejaa: ukomo wake hauongezeki kwa wa pili wala wa tatu. Mtu wa kwanza anayechapwa bila kugusa mtu anaiacha timu bila Drive, na yule wa mwisho wa kutisha anaingia na pawa bila funguo ya kuifungulia. Mtu wa kwanza anayeshinda anaijaza. Akiijaza mapema, kutumia nusu kwa Drive Cancel moja (kukatiza pigo maalum kwa jingine) ili kumaliza pambano ni biashara halali, kwa sababu mpinzani anayefuata atailipa. Hata Hyper Drive nzima na pawa 1 mkononi mwa wa kwanza huweza kula nusu ya damu au zaidi. Isipoua, hapo ndipo umemnyima mwenzako.

Wabanaji wana hoja moja ambayo haijibiki kwa hesabu: matumizi mabaya. Supa ya EX, pigo kubwa kuliko lile la EX, inakula pawa 2. Ukiitoa mpinzani akiwa na damu 700, hufi wala huui. Umemlisha pawa kwa kila pigo lililompata, na wewe huna ya kujiokoa. Pia kuna mikono. Kombo inayodondoka katikati baada ya pawa kuchomwa ni hasara tupu, na ushauri wa kubana unamlinda anayejifunza asijichomee akiba kila dakika. Kwa mchezaji ambaye bado anakosa kombo yake ya EX mara tatu kati ya kumi, kubana ni busara kweli.

Lakini mlinzi huyo huyo anamfundisha tabia mbaya nyingine, yaani kutojikinga kwa pawa. Ukiwa umebanwa kona na unakinga, C na D pamoja vinamsukuma mpinzani mbali. A na B pamoja vinakupitisha kwa kubingirika. Vyote viwili gharama yake ni pawa 1. Wachezaji wengi wa kiwango cha kati hufa konani wakiwa na pawa 3, eti wanamwekea wa mwisho. Wamemwekea pawa, wamemnyang'anya mtu mmoja wa timu. Sioni namna ya kuitetea biashara hiyo.

Kwa mazoezi, gawanya damu ya mpinzani kwa macho. Ikibaki robo au chini yake, na una 2 au 3, tumia moja umalize. Ikiwa zaidi ya nusu, acha, isipokuwa kombo hiyo inampeleka kona. Ukiwa na 3 kamili, usikae nazo muda mrefu: tafuta sababu ya kutoa moja, hata ikiwa ni kujitoa kona. Ukiwa na 1 tu, iache ya kujikinga. Ukimkabili mtu wa mwisho mwenye 5 na Drive kamili, acha kuruka ovyo, mweke mbali na ukinge chini, maana anachohitaji ni mguso mmoja.

Wapo wapiganaji ambao utaratibu wa zamani unawafaa bila mjadala. Mr. Karate akiwa wa kwanza na kipimo kitupu ni nusu ya Mr. Karate, na King hahitaji pawa kumsumbua mtu kwa risasi zake. Hao wakae walipozoeleka. Kim, kwa upande mwingine, anafanya kazi popote, na ukimweka wa mwisho kwa mazoea tu huenda akaingia kupigana na watu wawili kila mechi.

KOF XV ya 2022 imepunguza makali ya ubishi huu kwa njia nyingine. Kipimo cha Drive kimeondolewa, na pigo la EX linagharimu nusu ya pawa badala ya moja nzima. Pale anayefia kona na kipimo kilichojaa hana hata kisingizio cha bei.