Mbuzi Anapigwa Dawa, Mbwa Je?

Kwa mjomba wangu huko Kakuyuni, siku ya kunyunyizia dawa ya kupe ni siku ya shughuli. Mbuzi wanashikwa mmoja mmoja, pampu iko mgongoni, wanapigwa dawa mpaka chini ya mkia na ndani ya masikio. Simba, mbwa wa boma, amelala chini ya mkorosho anatazama tu. Hapati hata tone. Nilipouliza, mjomba alicheka: "Mbwa nitamuuzia nani, mjomba?"

Hapo ndipo ninapogombana naye. Kupe wa ng'ombe tunamwogopa kwa sababu ya ndigana, ugonjwa unaoua ng'ombe, yaani kwa sababu ya pesa. Kupe wa mbwa, yule mdogo wa rangi ya kahawia, ndiye anayeingia nasi nyumbani. Hupanda kuta, hujificha kwenye nyufa, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Anaweza kubeba riketsia, bakteria wa homa ambayo madaktari waliipa hata jina la nchi yetu: homa ya kupe ya Kenya. (Papasi ni mwingine, yule huuma usiku, akashiba na kuondoka, na homa yake ni nyingine.)

Binamu yangu wa miaka saba ana mchezo wake. Anamkagua Simba masikioni, anachomoa kupe walioshiba, wamevimba kama mbegu za mbono, kisha anawapasua kwa kucha za vidole gumba. Damu inaruka. Anajipangusa kwenye kaptula, anarudi kwenye embe lake. Majimaji hayo yakiingia kwenye mchubuko au jichoni, bakteria wamepita bila mtu kuumwa.

Mimi niliumwa. Wiki moja baada ya kurudi Malindi mjini nilishikwa na homa, kichwa kinagonga, viungo vyote vinauma. Kliniki nilidungwa kidole: malaria hamna. Nikaandikiwa dawa ya malaria vilevile, na amoksisilini juu yake. Amoksisilini haimfikii riketsia, maana hujificha ndani ya seli zetu. Siku ya tatu mke wangu akaona nyuma ya goti langu kidonda kidogo, cheusi katikati, chekundu pembeni, kama mtu kanizimia sigara hapo. Daktari wa pili alikitazama, akauliza swali moja tu: "Umelala penye mbwa?" Akaniandikia doksisaiklini. Siku mbili, homa ikashuka.

Swali hilo halichukui hata dakika, na sioni kwa nini lisiulizwe kila kipimo cha malaria kinapokuja safi. Nasi tuseme wenyewe bila kungoja kuulizwa. Wengine tunaona haya kumtaja mbwa kwa sababu ni najisi, hatumgusi. Kupe hajui najisi.

Ukimkuta ameng'ang'ania, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja. Mafuta ya taa na njiti ya kiberiti acha jikoni.

Nilipokwenda tena kwa mjomba nilibeba chupa ya dawa ya kupe wa mbwa kutoka agroveti. Akaigeuzageuza, akasoma bei kwenye kibandiko, kisha akaniuliza kama haiwezi kutosha mbuzi wawili.