Wiki nane za mwanafunzi kijijini: nani anafaidika?

Mwanafunzi wa mwaka wa pili amepiga magoti uani, katika kijiji kimoja nje ya mji wa Bagamoyo, anahesabu matundu ya chandarua kilichotandazwa mkekani. Tundu lisilopitisha kidole gumba lina daraja lake. Linalopitisha gumba lakini si ngumi, lina lake. Linalopitisha ngumi lakini si kichwa, vivyo hivyo, na la nne ni lile ambalo kichwa kinapenya. Akimaliza, mama mwenye nyumba anamwambia watoto hawalalii hicho kibovu, usiku wa kuamkia leo wamelala kwenye kipya. Kipya analetewa: mikunjo ya paketi bado imekaa sawasawa, kamba hazijawahi kufungwa popote. Kijana anakishika kishikwambi, anamtazama mama, anasita.

Darasani ameshafundishwa kwamba watu humjibu mgeni kile wanachodhani anataka kusikia. Alijibu swali hilo kwenye mtihani, akapata alama. Lakini kukaa na jibu la mtu aliyekukaribisha kwake, ukaliandika kama lilivyo, kisha chini yake ukaandika ulichokiona bila kumfedhehesha, hilo hujifunzwa uani. Ndiyo maana naunga mkono wanafunzi wa shahada ya kwanza kupelekwa fildi kwa wiki nane kwenye miradi ya utafiti wa afya ya jamii. Taasisi ya Afya Ifakara, inayofanya utafiti wa aina hii, ilianza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi. Leo inaongozwa na Watanzania, na warithi wao lazima waanzie mahali.

Wanaopinga wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni imani ya wanakijiji. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021, ilijaribiwa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na vituo vingine vya Afrika. Majaribio yale yalichukua miaka, na yaliwezekana kwa sababu wazazi walikubali watoto wao watolewe damu na kufuatiliwa, mara nyingi na watu waliokwisha kuwazoea. Mwanafunzi wa wiki nane anatumia imani ambayo hakuijenga. Akiharakisha fomu ya ridhaa ili afikishe idadi ya kaya za siku, anayelipa ni mtafiti atakayebisha hodi mwakani.

Muda wenyewe nao ni kikwazo. Kibali cha maadili ya utafiti hakitoki kwa siku mbili, na baada yake kuna barua za mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji. Kwa hiyo mwanafunzi hawezi kuja na swali lake. Anapachikwa kwenye mradi wa wengine, na wengi huishia kujaza majibu tu bila kujua yanakwenda wapi. Hapo nakubaliana na wapinzani kabisa: hiyo ni kazi ya karani, na karani wa kijijini mwenye uzoefu angeifanya vizuri zaidi na kulipwa haki yake.

Kuna na suala la nauli na chumba. Asiye na mkopo wala mjomba Bagamoyo huchagua fildi karibu na nyumbani, hata kama hakuna utafiti wowote unaoendelea huko. Tukiliacha hivyo, watafiti wetu watatoka kwenye familia zilezile.

Mimi nisingefuta mpango huu, ningezigawa zile wiki. Sita za kukusanya na kusafisha takwimu, mwanafunzi akipewa swali moja dogo ndani ya mradi, lililokwisha kupata kibali, alichambue mwenyewe hadi mwisho. Mbili zilizobaki ziwekwe likizo inayofuata, arudi kwenye kijiji kilekile kwa mkutano wa mrejesho. Ni nauli ya pili, najua, na bajeti ya mradi ndiyo inayopaswa kuibeba. Maana yule mama, akikikunja chandarua chake kukirudisha ndani, aliuliza swali moja tu: majibu mtatuletea lini? Kijana alimtazama msimamizi wake. Kijana mwenyewe siku kumi baadaye alikuwa anarudi chuoni.