Kiwavijeshi vamizi: bomba la dawa na kiganja cha majivu

Anayefunua moyo wa mhindi shambani, yale majani machanga yaliyojikunja katikati, alfajiri akakuta kinyesi mfano wa unga wa mbao uliolowa, na chini yake kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, hahitaji kuambiwa kwamba ana adui. Kwa hiyo siwabezi wanaotaka kila mkulima abebe bomba mgongoni. Mdudu huyu wa bara la Amerika, aliyethibitishwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika Kenya na Tanzania mwaka uliofuata, hapiti kama msafara na kutokomea, kama afanyavyo kiwavijeshi wetu wa zamani, huyu hulowea. Dawa sahihi, ikimkuta angali mdogo, humuua.

Hata hivyo, mkulima anayeitwa mzembe kwa kuwa hakupulizia, ilhali alipita mstari kwa mstari akiponda mayai kwa vidole na kutia mchanga au majivu katika moyo wa mhindi, amehukumiwa kwa takwimu iliyosomwa nusu. Ni ile ya mwaka 2017, kwamba nchi 12 za Afrika zingeweza kupoteza tani milioni 8.3 hadi 20.6 za mahindi kwa mwaka. Takwimu hiyo ilihusu hali ya kutokuwepo udhibiti wowote, sharti ambalo lilidondoka njiani kadiri habari ilivyosambaa. Tena ilijengwa juu ya makisio ya wakulima wa Ghana na Zambia, waliotaja hasara ya wastani wa asilimia 45 na 40, nao walikisia hofu ikiwa mbichi. Watafiti waliopima mashamba ya mashariki mwa Zimbabwe, matokeo yakachapishwa mwaka 2019, walipata hasara ya karibu asilimia 12. Kwa familia inayotegemea magunia kumi, gunia moja na ushee ni chakula cha wiki kadhaa, na sitaki kulidharau. Lakini si nusu ya shamba. Mhindi ulioliwa ungali mchanga mara nyingi hutoa majani mapya na kubeba, kwa hiyo matundu yale hutisha macho kuliko yanavyopunguza mavuno.

Dawa nayo ina gharama isiyoandikwa kwenye risiti ya duka la pembejeo: huua pia maadui wa kiwavi, yaani siafu na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nondo, yule mdudu mwenye mabawa anayemzaa kiwavi huyu, na anayeipulizia mara nyingi hana glavu wala barakoa.

Nakiri kwamba mchanga na majivu havifanyi kazi sawasawa kila mahali, na kwamba kuokota viwavi ni kazi ambayo mara nyingi huwaangukia akina mama na watoto. Mwenye ekari 20 hawezi kuponda mayai kwa vidole. Huyo simwambii aweke bomba chini. Namwomba kwanza ahesabu mihindi iliyoshambuliwa katika sehemu kadhaa za shamba, kisha, ikibidi, apulizie asubuhi na mapema au jioni, akielekeza dawa kwenye moyo wa mhindi, maana saa sita mchana kiwavi amejichimbia chini ya kinyesi chake na dawa huishia juu ya majani.