Nesi akifungua kitabu mbele yako usimcheke

Juzi nipo foleni kwenye zahanati moja huku Mwandiga, Kigoma, mbele yangu kuna mama na mtoto wa miezi kumi anakohoa. Nesi kamwangalia mtoto, afu akavuta kitabu cha mwongozo wa matibabu kimechanika kona kimebandikwa selotepu, akawa anapitisha kidole mstari kwa mstari. Bibi wa mtoto akanong'ona, ila benchi zima tukasikia: "Huyu mbona bado anasoma?" Watu kicheko. Na huku kwetu wengi wanaamini hivyo, daktari wa kweli ana vitu kichwani, wa kitabu ni mwanafunzi.

Sasa tuangalie alichofanya. Alimfunua mtoto kifua, akawasha saa ya simu, akahesabu pumzi, mtoto akalia, akasubiri atulie akaanza upya dakika nzima. 54. Kitabu kinasema miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 kwenda juu ni za haraka, akishatimiza mwaka mpaka miaka 5 kiwango ni 40. Hebu niambie, saa tisa mchana na njaa yako, foleni bado ipo, una uhakika hizo namba hutazichanganya?

Kuna hesabu siachi kuirudia. 2009 yalitoka matokeo ya orodha ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya kuhakiki mambo chumba cha upasuaji, karatasi moja, vipengele 19, vitu unaviona vya kitoto: huyu mgonjwa ni nani, tunapasua wapi, vifaa vimehesabiwa? Ilijaribiwa hospitali 8 kwenye miji 8 ya dunia, London imo, Seattle imo, na Ifakara yetu imo. Vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Yaani kwenye watu 1000 waliopasuliwa walikuwa wanakufa 15, wakawa 8. Saba wamerudi kwao wakala ugali, na hakuna dawa mpya wala mashine, ni karatasi inasomwa kwa sauti. Na matatizo baada ya upasuaji yalipungua hata kwa wale wa nchi tajiri, kwahiyo kusahau sio ugonjwa wetu peke yetu.

Wapinzani nao wana lao, tena zito. Jimbo la Ontario, Kanada, hospitali 101 ziliitumia orodha hiyohiyo na 2014 ikaonekana vifo havijapungua kwa kiasi cha maana. Mimi naona ukiwaagiza watu wajaze fomu watakujazia tiki, ila hiyo ni hisia yangu. Afu kitabu kinazeeka: kwa malaria hapa Tanzania, klorokwini iliachwa 2001 ikaja dawa ya SP, 2006 ikaja dawa mseto, mwenye toleo la zamani kabatini anakutibu kwa uhakika kabisa na dawa iliyokufa. Sema anayetegemea kichwa chake tu naye amekariri toleo lipi? La kitabu angalau unaliona mwaka kwenye jalada.

Mimi kinachoniuma ni lugha. Kile kitabu kilikuwa Kiingereza kitupu. Nesi anasoma Kiingereza, anamwandikia mama dozi kwa Kiswahili, anamgeukia bibi anamweleza kwa Kiha, akamwonyesha ule ukurasa wa njano na kidole kimewekwa kwenye 50. Bibi akainama kuangalia, afu akauliza kama na yeye anaweza kuhesabiwa.